Kila Mwanafunzi Aweze

Kipindi changu cha hesabu cha Jumanne kilianza saa nne na dakika ishirini asubuhi, kikaisha Alhamisi saa nane na robo mchana. Kwenye ratiba kilipangiwa dakika arobaini. Wapo watakaosema natia chumvi. Waende wakamuulize mwalimu wa michezo, ambaye darasa lake lilikuwa uwanjani likikimbia wakati kengele ilipokataa kulia. Mpaka leo ukimtajia siku zile anashika magoti.

Chanzo chake ni semina. Wiki ya kwanza ya muhula walimu wote tulifungiwa siku tatu kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, tukafundishwa kuandika malengo ya somo. Nina miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii, na nilikwenda pale nimenuna. Aliyetufundisha alikuwa mkaguzi wa shule, bwana mnene mwenye sauti ndogo ya upole na kalamu ya kijani, ambaye sijawahi kumwona akikasirika wala akicheka. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuandika ubaoni neno "kuelewa" na kulikata kwa mstari.

"Nani hapa amewahi kuona kuelewa?" akauliza. "Kuna rangi gani? Kunakaa upande gani wa mwanafunzi?"

 Akapiga mstari kujua, akapiga mstari kufahamu, akapiga mstari kuthamini. Mwalimu wa uraia, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiandika kwamba wanafunzi wathamini umuhimu wa amani, alitoa kitambaa akafuta macho. Kuanzia siku ile lengo lilitakiwa liseme mambo manne: nani, atafanya kitu gani kinachoonekana kwa macho, katika hali gani, na kwa kiwango gani.

Wenzangu waliguna. Mimi kununa kote kuliniisha. Napenda mambo yaliyonyooka. Wanafunzi wananiita Bi Rula na wanadhani sijui. Wikiendi nzima nilikaa mezani na andalio langu la somo, mume wangu akipita pembeni kwa kunyata, mpaka nikatoa lengo hili: *Kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aliyeandikwa yupo katika daftari la mahudhurio aweze kupima kwa sentimita urefu wa vitu vitatu atakavyopewa, na kutaja vipimo hivyo, bila kusaidiwa na bila kukosea hata kimoja.*

Mkaguzi alilisoma kwenye mkutano wa walimu mara mbili, mara ya pili akiwa amefumba macho. Akalitia alama ya vema kwa kijani. Mwalimu mkuu, mtu ambaye sifa humpanda kichwani upesi, alilitolea nakala akalibandika kwenye mlango wa ofisi. Halafu akasimama akatangaza utaratibu mpya: kuanzia sasa kengele haitafuata saa, itafuata lengo. Italia pale tu malengo ya madarasa yote yatakapokuwa yametimia, na mkaguzi mwenyewe atakuwepo kuthibitisha.

"Saa inajua nini kuhusu elimu?" akasema.

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, mpaka viganja vikawasha.

Jumanne hiyo mkaguzi akaja kukaa nyuma ya darasa langu, kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe. Nilifundisha vizuri, sioni haya kusema. Vitu vitatu vilikuwa kitabu, dawati na mpini wa ufagio. Wanafunzi walipita mmoja mmoja na rula ya mita. Wawili walianza kupima kwenye moja badala ya sifuri, nikawarudisha, wakapatia. Saa tano kamili nikamwagiza kiranja akamwambie mlinzi apige kengele. Kengele yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwa mnyororo, na mlinzi anailinda nyundo yake kuliko anavyolinda geti.

Mkaguzi akainua kidole.

"Waliopima ni arobaini," alisema. "Daftari linasema arobaini na mmoja, na wote wapo."



Namba arobaini na moja ni msichana aliyekuwa akikaa karibu na dirisha. Alikuwa hajakanyaga shule mihula miwili. Sababu niliijua mimi, na darasa zima lilijua: siku moja nilimwita ubaoni abadili mita kuwa sentimita, akasimama na chaki mkononi robo saa bila kuandika kitu, nami nikamkemea kidogo. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, nilimkemea kidogo. Kesho yake hakuja. Nikamwandika yupo, nikisema moyoni atakuja tu, kwa nini nimharibie mahudhurio. Kesho kutwa vivyo hivyo. Baada ya wiki mbili, kuandika hayupo kungenilazimu kueleza kwa nini jana na juzi alikuwepo, na mwalimu anayeghushi daftari la mahudhurio anafukuzwa mchana kweupe. Basi kila asubuhi, mihula miwili, nilimwandika yupo, kwa wino na kwa mwandiko mzuri.

"Labda yuko chooni," nikasema.

Kiranja akatumwa chooni, akarudi akitikisa kichwa. Tukafungua kabati la vitabu. Tukatazama nyuma ya mlango. Mkaguzi akalichukua daftari, akalisoma upya kwa kidole, akalifunga kwa heshima.

"Daftari linasema yupo," akasema. "Basi yupo. Shida ni kwamba haonekani, na lengo linadai kitendo kinachoonekana."

Akabeba kiti chake mpaka kwenye dawati la dirishani. Akaweka pale rula, kitabu na mpini wa ufagio, kisha akainamia nafasi tupu na kusema kwa sauti yake ya upole, "Anza tu, binti. Hatukukimbizi." Akakunja mikono akasubiri. Nilipomkaribia kumnong'oneza akanizuia kwa kiganja. Mwanafunzi mwoga, akanieleza, anahitaji muda.

Alimpa muda mpaka saa tisa alasiri. Mlinzi alisimama chini ya rimu na nyundo mkononi siku nzima, jasho likimtiririka, akibadilisha bega. Na kwa kuwa kengele ni moja kwa shule nzima, hakuna darasa lililoweza kutoka kwenye kipindi chake. Mwisho mwalimu mkuu akatuonea huruma, akaruhusu watu wakalale makwao, kwa sharti moja tu, kwamba kipindi kinaendelea huko huko waliko.

Nyumbani nilikuta mume wangu amepika. Ni fundi redio, mtu wa maneno machache, na habari zilikuwa zimeshamfikia. Alikula nusu sahani, kisha akanyoosha mkono.

"Ndiyo," nikasema.

"Naomba chumvi, mwalimu. Na nina swali."

"Uliza."

"Huyo mtoto, kwao si unakujua?"

Nilikujua. Nyuma ya soko, nyumba yenye veranda, mama yake ni fundi cherehani. Mihula miwili nilikuwa nikizunguka barabara kuu nisipite pale, nikisingizia tope.

"Swali lako liko nje ya somo," nikamjibu.

Akashusha mkono, akala bila chumvi.

Jumatano mambo yakaharibika zaidi. Wazazi walikuwa getini tangu asubuhi. Baba mmoja alilalamika kwamba kila akiingia sebuleni watoto wake watatu wanasimama na kumwamkia kwa pamoja, na hawakai mpaka awaambie kaeni. Mama mwingine alisema mwanawe amegoma kuoga kwa sababu kuoga hakumo kwenye lengo. Mwalimu wa historia, ambaye lengo lake lilikuwa kutaja tarehe tatu na lilitimia Jumanne kwa dakika saba, alikuwa amekwishawasimulia wanafunzi wake maisha yake yote na sasa alikuwa amefika kwa mashemeji. Darasa la muziki lilikuwa bado kwenye ubeti ule ule, sauti zimebaki za kunong'ona. Kule uwanjani watoto hawakimbii tena, wanaburuza miguu wakizunguka, na mwalimu wao akiwafuata na filimbi asiyokuwa na pumzi ya kuipuliza.

Makamu wa mwalimu mkuu akaja dirishani kwangu, mama wa makamo ambaye huwa haombi mtu kitu.

"Dada yangu," akasema, "nakuomba kama mzazi mwenzio. Fanya chochote."

"Mmoja wa hawa arobaini si apime mara mbili?" akauliza mwalimu wa uraia nyuma yake. "Ya kwake na ya mwenzake."

Mkaguzi hakuinua hata kichwa. "Lengo linasema kila mwanafunzi. Nani aliandika kila mwanafunzi?"

Wote wakanitazama. Niliuma meno nikasema ni mimi.

Kufika saa sita mkaguzi akanong'ona, "Amesogea."  Mtoto mmoja akaapa kwamba amesikia kiti kikilia. Mwingine akasema ameona rula inatikisika, na muda si muda walikuwa wanabishana kama namba arobaini na moja amevaa sweta au hakuvaa. Kiranja akamwomba kwa adabu amwazime kifutio. Ningecheka, kwa kweli tumbo lilikuwa limeshaanza kunitekenya, lakini nikamwona msichana mwenye vishimo mashavuni, aliyekuwa akikaa dawati moja na namba arobaini na moja, anasogea taratibu mpaka ukingoni kumpisha akae vizuri. Mihula miwili mtoto yule alikuwa amekaa peke yake kwenye dawati la watu wawili, wala sikuwahi kumuuliza.  Nikageukia ubao nikajifanya nafuta, na ubao ulikuwa safi.

Alhamisi asubuhi niliamka nimeshachoka na mimi mwenyewe. Mkaguzi alikuwa dirishani kama kawaida, akimwambia mtu asiyekuwepo kwamba kukosea si dhambi. Kufika saa saba mchana mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Hayupo," nikasema.

"Nani?" akauliza mwalimu mkuu.

"Arobaini na moja. Hajakanyaga hapa mihula miwili. Nimekuwa nikimwandika yupo. Daftari ni la uongo na mwongo ni mimi."

Nilidhani paa litaanguka. Mwalimu mkuu akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akalipapasa jalada la daftari, kama anayelifariji.

"Mwalimu, unaweza kusema uongo," akasema. "Wewe ni binadamu. Hili ni daftari la mahudhurio, lina muhuri. Kama linasema yupo, na hapa hayupo, jawabu ni moja tu. Yupo, ila kwingine. Kumbe muda wote huu tumekaa mahali pasipo." Akainuka akakunja kiti chake. "Twendeni tulipo."

Tukaenda. Hivyo ndivyo darasa zima lilivyotoka shuleni likiwa bado ndani ya kipindi, wanafunzi arobaini wawili wawili, mkaguzi mbele na kiti chake kwapani, mwalimu mkuu na daftari, na mimi nyuma. Wavulana wawili walibeba dawati, mwingine mpini wa ufagio. Mlinzi aliifungua rimu kwenye mnyororo, akaipachika kwenye gongo, akaibeba pamoja na kiranja, maana mkaguzi alisema kengele lazima ilie pale lengo linapotimia. Tulipita duka la vipuri, tukapita mafundi viatu walioacha nyundo hewani wakitutazama, tukavuka mtaro kwa ubao mmoja uliokuwa ukicheza. Muuza vyombo akauliza ni maandamano ya nini. Mtoto mmoja akamjibu ni hesabu. 

Veranda ilikuwa nyembamba, ina cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na ukutani zimetundikwa karatasi zilizokatwa umbo la mikono na makola. Mama mtu alikuwa anashona, pini tatu mdomoni. Binti yake alikuwa amepiga magoti anampima bibi mmoja pindo la gauni, futi ya kitambaa ikimning'inia shingoni. Alikuwa amerefuka. Alipotuona alisimama, akanitazama mimi, na kabla sijajua nitaanzaje akasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikasema, na neno lile lilinitoka kwa taabu ambayo sitaki hata kuielezea.

Mkaguzi hakupoteza muda. Akafungua kiti akakaa, akasoma lengo langu lote mpaka nukta, akaamuru dawati liwekwe chini. Binti akalitazama.

"Hilo mia moja na kumi," akasema.

"Lazima upime."

Akashika futi, akaitupa juu ya dawati, akaikunja. "Mia moja na kumi." Kitabu, ishirini na tano na nusu. Mpini wa ufagio, mia moja na kumi na nane, na akaongeza kwamba umepinda, kwa hiyo ukiupima kwa rula ya mti utakosea. Mkaguzi akapima mwenyewe kwa rula ya mita, akakosea, akapima tena kwa futi. Ilikuwa mia moja na kumi na nane. Kwa mara ya kwanza nikamwona akipepesa macho. Binti naye, nadhani kwa mazoea tu, akampitishia futi kiunoni.

"Mia moja na ishirini na mbili," akasema.

"Mia moja na tano," mkaguzi akasema. "Imeandikwa kwenye suruali."

"Ndiyo maana kifungo cha suruali yako kinalalamika, baba."

Bibi wa gauni akaangua kicheko, na watoto wakamfuata. Mkaguzi akatoa kalamu ya kijani. Akaandika, akitusomea kila neno, kwamba mwanafunzi namba arobaini na moja alikuwepo wakati wote kama daftari lilivyoeleza, na kwamba darasa ndilo lililokuwa halipo, kosa ambalo sasa limerekebishwa. Mwalimu wa somo, akaandika, hana kosa la kujibu. Mwalimu mkuu akashusha pumzi kama aliyetua gunia. Nilikuwa nimekuja nimejitayarisha kufukuzwa kazi, na kumbe nimesamehewa na ofisi bila hata kuomba. Nikaona aibu zaidi kuliko kama ningefukuzwa.

Mlinzi akainua nyundo.

"Subiri," akasema fundi cherehani.

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kifuko. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya mtu anayetunga uzi siku nzima.

"Nimesikia mnavyoandika mambo yenu," akasema. "Nani, afanye nini, kwa kiwango gani. Na mimi nina langu. Mwanangu aliondoka hapa asubuhi moja anakwenda shule, akarudi ameshika begi lake kifuani, akasema hataki tena, anataka cherehani. Nimemuuliza kwa wema, nimemuuliza kwa fimbo, hasemi. Kwa hiyo kabla hamjaondoka, mwalimu huyu aweze kusema alichomwambia mwanangu. Mbele yetu. Bila kusaidiwa na bila kukosea."

Mkaguzi alilirudia lengo lile kimya kimya, midomo ikicheza. "Lina yote manne," akasema. Akamwonyesha mlinzi ishara ashushe nyundo.

"Mama, acha," akasema binti.

"Nilimkemea," nikasema. "Alisimama ubaoni bila kuandika, nikamwambia akae chini, kwamba hakujitayarisha."

Mama akamgeukia mwanawe. "Ndivyo?"

Na yule mtoto akatikisa kichwa kukubali. Alikubali haraka, mara mbili, huku akinitazama usoni, na nikajua kwa nini. Mihula miwili alikuwa akimkinga mama yake na maneno yangu, na sasa alikuwa ananikinga hata mimi ili tu mama asiyasikie. Ningeweza kuondoka. Nyundo ilikuwa imeshapanda tena. Lakini nyuma yangu walikuwa wamesimama watoto arobaini waliokuwepo siku ile, waliocheka siku ile, na sasa hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama mbele. Wote walikuwa wanatazama miguu yao.

"Sivyo," nikasema. "Nilimwambia hivi. Kaa chini. Mama yako alipoteza miezi tisa bure."

 Barabarani alipita mtu anasukuma baiskeli yenye tairi bovu, na tulimsikia mpaka alipokunja kona. Binti alikuwa amefumba macho. Mama yake aliiweka mikono yote miwili juu ya kitambaa alichokuwa anakishona, akakinyoosha, akakinyoosha tena palipokwisha kunyooka.

"Minane," akasema.

"Nini?"

"Ilikuwa miezi minane, mwalimu. Huyu alizaliwa kabla ya siku zake. Alikuwa mdogo hivi." Akaonyesha kwa viganja, na nafasi kati yake haikufika urefu wa kitabu changu cha hesabu. "Miezi mingine mitatu nikalala naye kifuani, nisigeuke. Hayo nayo ungeyahesabu."

Nilitaka ardhi ipasuke. Machozi yalinitoka mbele ya wanafunzi wangu, mimi Bi Rula, na sikuyafuta. Nikamtazama mkaguzi, na Mungu anisamehe, nilikuwa natumaini atasema nimekosea. Nilitaka kipindi kile kisiishe kabla sijapata adhabu yangu. Alifikiri kidogo, akapindua karatasi.

"Lengo lilidai ataje alichosema," akasema kwa upole. "Halikudai alichosema kiwe kweli. Ametaja. Limetimia."

Akatia alama ya vema. Mlinzi, ambaye mkono wake ulikuwa umengoja siku tatu, aliipiga ile rimu mpaka vipande vya karatasi vikaanguka ukutani. Watoto wakatawanyika wakipiga mayowe. Kwa mbali, upande wa shule, tukasikia madarasa mengine yakilipuka kwa kelele, na nikamfikiria mwalimu wa michezo akilala kifudifudi kwenye nyasi. Mwalimu mkuu akamsindikiza mkaguzi, kiti kwapani, wakizungumzia malengo ya mwaka ujao. Bibi wa gauni naye akaaga, pindo lake limefungwa pini upande mmoja tu.

Nikabaki mimi pale mlangoni. Mama mtu alikuwa amerudi kwenye cherehani yake.

"Mama," nikaanza. "Naomba..."

"Unaniziba mwanga," akasema, bila ukali.

Nikasogea. Sikujua niende wapi, nikashuka ngazi moja nikasimama. Binti akatoka akaanza kuokota zile karatasi zilizoanguka, makola na mikono, akizipanga kwa ukubwa. Alizimaliza zote bila kunitazama.

"Jumatatu kipindi cha kwanza ni somo gani?" akauliza.

"Hesabu."

"Anafundisha nani?"

"Mimi."

Akaizungusha futi kwenye vidole vyake mpaka ikawa duara dogo, akafikiri.

"Basi nitakuja kipindi cha pili," akasema, akaingia ndani kumsaidia mama yake.